Usisubiri mwaka mzima, mwanangu

Clarkston, jimbo la Georgia, Marekani, Jumapili asubuhi

Mwanangu mpendwa,

Juzi nikifunga viatu kwenda zamu ya usiku uliniuliza: "Baba, nimechelewa kuomba chuo cha Georgia Tech. Nikae mwaka mmoja niombe, au nikasome kompyuta kwenye vyuo vya Georgia State au Kennesaw, walikonikubali?" Basi la kiwandani lilikuwa limeshafika, sikukujibu. Usiku kucha nikawa nalo swali lako. Usisubiri.

Mama yako alikuwa akilinganisha ada, lakini ada si tatizo letu. Alama zako zinakupa HOPE, msaada wa masomo unaotoka kwenye bahati nasibu ya jimbo tangu 1993, na tangu 2023 unalipa ada yote ya masomo katika vyuo vya umma vya Georgia. Kinachobaki ndicho kitakachotubana: kitanda, chakula, vitabu, nauli, na ile michango ya chuo ambayo HOPE haiigusi.

Basi pima kwa nauli. Ukipanda treni ya buluu pale Indian Creek, inakushusha kituo chenye jina la Georgia State lenyewe. Utalala nyumbani, utakula tunachokula. Chuo hicho pia hutoa msaada mdogo kwa mwanafunzi anayekaribia kufutwa kwa sababu ya deni dogo, na kwa watu kama sisi hilo ni jambo kubwa.

Kennesaw naipenda, sikufichi. Kompyuta inafundishwa kwenye kampasi yao ya Marietta, kilipokuwa chuo cha Southern Polytechnic kabla ya kuunganishwa 2015. Shahada yao ina ithibati ya ABET, shirika linalokagua ubora wa masomo ya uhandisi na kompyuta, na uhandisi wa programu una shahada yake peke yake. Ila treni haifiki kule. Utahitaji gari, bima na mafuta, au upange chumba, na hapo ndipo mikopo huanzia.

Ninachokiogopa zaidi ni wastani wako. HOPE inataka wastani wa 3.0 kati ya 4.0, na wanakagua ukifikisha krediti, yaani vipimo vya masomo uliyochukua, 30, 60 na 90. Ukiipoteza mara mbili, hairudi tena. Kuna nusu pointi wanayoongeza kwa B, C au D katika baadhi ya masomo ya hisabati na sayansi, lakini usiitegemee. Kalkulasi, ile hesabu ya chuo, haina huruma kwa mtu aliyetoka kazini usiku wa manane. Kwa hiyo muhula wa kwanza acha kazi ya ghala, ubaki na Jumamosi tu. Nitachukua zamu moja ya ziada. Nimeshaongea na msimamizi.

Georgia Tech bado ipo. Wanapokea wanaohamia kutoka vyuo vingine vya jimbo, ila angalia mapema ni masomo gani wanayataka, hasa hesabu. Hata usipohamia, tangu 2014 wana shahada ya uzamili ya kompyuta kwa njia ya intaneti, na yote kwa jumla haifiki dola 10,000. Ukimaliza ya kwanza bila deni, hiyo utaisoma ukiwa kazini, na utajilipia mwenyewe.

Jumanne sina zamu. Niamshe saa mbili, tupande treni pamoja mpaka Georgia State, ukaulize kalkulasi inaanza lini. Beba barua zote mbili walizokukubalia.

Baba yako