Tizi la kundi linakomaza akili, ila inategemea ni kundi gani

Jamani tuongee ukweli, watu wengi wanaojiunga na klabu za joging hapa Dar wanakuja kwa sababu ya kitambi, presha, au wamependa tisheti za bonanza. Hakuna ubaya. Lakini mimi kilichonibakiza huko miaka yote hii ni ile akili ya kukomaa, na nimeona haiji yenyewe eti kwa sababu umeteseka, maana wapo watu wanateseka kila Jumamosi na bado ni walegevu vilevile, kitu kidogo tu kazini wanatupa taulo.

Iko hivi. Kwenye kila tizi gumu kuna dakika mbili tatu ambazo mwili unakwambia basi, na wewe unaanza kutafuta sababu ya heshima ya kuacha. Kamba ya raba imefunguka, kuna simu naisubiri, hili goti leo silielewi. Ukiwa peke yako hapo unaacha, nani anakuona? Ukiwa kundini kuna mtu kulia kuna mtu kushoto, anahema kama wewe, na yeye anatafuta sababu yake, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuitoa. Basi mnabaki ndani ya ile hali muda mrefu kuliko ambavyo kila mmoja angebaki peke yake, na huko kubaki ndiko kunakokufundisha. Ile "basi" ya kwanza ya mwili huwa ni uongo, ya pili nusu uongo, ya tatu ndiyo ya kuisikiliza.

Nyimbo za mchakamchaka nazo msizidharau. Kuna vijana wanaziona za kitoto kwa kuwa tumeziimba tangu shule ya msingi. Kwanza zinakupima, ukiona huwezi kuitikia ujue umezidisha spidi, punguza. Pili zinafanya miguu ya watu wote itue pamoja, na hapo kuna siri. Kuna utafiti wa watu wa Chuo Kikuu cha Oxford ulitoka mwaka 2010, walichukua wapiga makasia wa chuo wakawafanyisha mazoezi ya dakika 45 kwenye mashine, siku nyingine mtu peke yake, siku nyingine kwa pamoja, halafu wakawafunga mkononi kile kitambaa cha kupimia presha wakakijaza upepo mpaka mtu aseme inauma. Wakitoka kupiga kasia pamoja walivumilia maumivu zaidi, na kazi waliyofanya ilikuwa ileile. Wazee wa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, hawakusubiri Oxford lakini sawa.

Sasa zoezi ambalo mimi nalipenda na kulichukia ni nguzo. Mnafika kwenye barabara iliyonyooka yenye nguzo za umeme, kiongozi anapiga filimbi, nguzo moja mnakaza, inayofuata mnajivuta, inayofuata mnakaza tena, na hamwambiwi zipo ngapi. Hiyo ya kutoambiwa ndiyo yenyewe, kwa sababu akili inapenda kujua mwisho uko wapi ili ijibanebane, ukiinyima hiyo inabidi ijifunze kuishi na nguzo iliyopo. Kule Iten Kenya wana kitu cha ukoo huohuo, Alhamisi wakimbiaji kibao wanakusanyika kwenye barabara ya vumbi, mita kama 2,400 juu ya usawa wa bahari, dakika moja kasi dakika moja polepole, mgeni ruksa kuunga, ukiachwa umeachwa. Sisi hewa tunayo ya kutosha, shida yetu ni joto na unyevu, Februari jua halijatoka vizuri na tisheti ishalowa.

Kwenye nguzo ndiko nilikomwelewa mama mmoja wa kundi letu, mtu mzima, anauza samaki, anakimbia kanga kiunoni. Vijana wanalipuka nguzo za mwanzo kama wanafukuzwa na mbwa, baadaye unawakuta wameshika viuno wanaangalia chini, yeye anawapita kwa hatua zilezile fupi fupi alizoanza nazo. Wakimuuliza siri anawajibu "wanangu mimi sikimbii, nasogea tu". Nilianza kumfuata nyuma, macho mgongoni kwake, nahesabu pumzi na sio nguzo, na mpaka leo ndivyo ninavyowaelekeza wanaoanza: usiangalie mwisho wa barabara, angalia mgongo wa aliye mbele yako.

Ila kundi lenyewe liwe la maana. Kuna viongozi kazi yao kufoka, we mnene utakufa, aliyechelewa anapigishwa pushapu mpaka anatapika halafu watu wanarekodi. Huo mimi siuiti ukakamavu. Anayekimbia kwa kuogopa kuchekwa, siku wachekaji hawapo na yeye hayupo. Ukienda kundi jipya angalia kitu kimoja tu, mtu wa mwisho anakimbia na nani. Makundi yanayojielewa yanaweka mzoefu mmoja nyuma kabisa, kazi yake kutoka na wa mwisho na kurudi na wa mwisho, na huyo mzoefu mara nyingi ndiye mwenye akili ngumu kuliko wote wanaojionyesha mbele.

Na kukomaa sio kujiua. Kichomi cha ubavuni, mapaja kuwaka moto, pumzi kubana kidogo, hayo punguza mwendo usonge nayo. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, kusikia baridi wakati jua linawaka, au goti linalochoma sehemu moja kila ukikanyaga, hapo simama, mwambie mtu, na hilo la kifua ni hospitali moja kwa moja hakuna mjadala. Kama una presha au sukari pita kwanza kwa daktari ndio uje kwetu.

Halafu katikati ya wiki pata siku moja ya kukimbia peke yako, bila nyimbo, bila earphone, njia ileile. Usipofanya hivyo utakuwa unatumia akili ya wenzako siku zote. Mkimbiaji wetu Alphonce Simbu pale Tokyo, Septemba 2025, marathon ya ubingwa wa dunia, kilomita zote zile alikimbia na watu, lakini zile hatua za mwisho na Petros wa Ujerumani hakuna wa kumsaidia, wote wakaandikiwa saa 2:09:48, tofauti sekunde 0.03, dhahabu ikaja Tanzania.

Msinielewe vibaya kwamba ukikomaa kwenye tizi umekomaa kila mahali. Mimi kufunga hesabu za mwisho wa mwezi siku hizi nakaa nazo hadi usiku bila kununa, ila foleni ya Mbagala bado inanitoa matusi.

Kwa anayeanza Jumamosi hii: saa kumi na moja alfajiri uwe umeshafika, kunywa maji kabla hujatoka nyumbani, simama safu za katikati maana mbele utavutwa na spidi za watu. Ukishindwa kukimbia tembea, usikae chini, na usidandie boda kabla hujanyoosha misuli. Mambo ya supu na chapati nne baada ya tizi nitaandika siku nyingine, hayo yana ugomvi wake.