Chaneli nyingi au biti nyingi? Majibu kuhusu SACD, DVD-Audio na Atmos

Nimenunua SACD (Super Audio CD, diski iliyoundwa kuipita CD kwa sauti), nayo inacheza kwenye deki yangu ya CD. Mbona sisikii tofauti?

Kwa sababu unachosikiliza ni CD. SACD nyingi zina matabaka mawili: leza ya deki ya kawaida hupenya lile la SACD na kusoma la CD, lenye biti 16 (undani wa kila sampuli, yaani kila kipimo cha sauti) na kHz 44.1 (sampuli 44,100 kwa sekunde). Unahitaji deki yenye nembo ya SACD. Hata ukiipata, angalia kioo chake. Kikiandika CD, badilisha tabaka kwa rimoti.

SACD na DVD-Audio ziligombea nini hasa?

SACD ya Sony na Philips ilitoka 1999, DVD-Audio, yaani DVD ya muziki, mwaka uliofuata. Kila moja iliahidi sauti bora kuliko CD, pamoja na chaneli sita (spika tano na sabufa) za kumzunguka msikilizaji. Shida ni kwamba ahadi hizo mbili hula nafasi ileile. Piga hesabu: chaneli 6 × biti 24 × sampuli 96,000 kwa sekunde ni kama megabiti 13.8 kwa sekunde, wakati DVD-Audio husomwa kwa megabiti 9.6 tu. Ndiyo maana ikatumia MLP, mfumo unaobana sauti bila kupoteza hata biti moja. kHz 192 ilibaki kwa stereo peke yake.

Hakuna aliyeshinda. Mnunuzi alitakiwa kuchagua upande, anunue deki mpya na avute waya sita, mmoja kwa kila chaneli, huku wenzake wakijaza MP3 mfukoni. DVD-Audio ilififia, SACD bado inatolewa, hasa kwa muziki wa klasiki.

Kwa maoni yetu, chaneli ndizo zilizokuwa na faida ya kweli. Mwaka 2007 Meyer na Moran walichapisha jaribio ambamo sauti ya diski hizi ilipitishwa kwenye kiwango cha CD bila wasikilizaji kuambiwa. Kwa sauti ya kawaida ya kusikilizia, hawakuweza kutofautisha. Spika ya nyuma ikizimwa, mtu yeyote anagundua.

Nimeunganisha deki kwa waya wa optiko. Sipati chaneli tano za SACD.

Wala hutazipata. Waya huo hubeba PCM (sauti ya kidijitali isiyobanwa) ya chaneli mbili, au Dolby Digital na DTS, mifumo ya chaneli nyingi iliyobanwa. Una njia mbili: HDMI (toleo 1.1 linatosha DVD-Audio, 1.2 hubeba DSD, yaani mfumo wa sauti wa SACD), au waya sita za RCA hadi matundu yaliyoandikwa MULTI CH IN. Kwa DVD-Audio, diski nyingi zina pia sehemu ya DVD-Video yenye Dolby Digital, na hiyo hupita kwenye optiko bila shida.

Nimeweka waya sita, lakini besi ni hafifu na sauti haijakaa sawa.

Kosa hili ni la kawaida sana. Matundu yale sita, kwenye amplifaya nyingi, hupeleka sauti moja kwa moja bila kuigusa: hayahamishi besi ya spika ndogo kwenda kwenye sabufa, wala hayarekebishi umbali. Ingia kwenye menyu ya deki yenyewe, weka spika kuwa Small, na mpaka wa besi kwenye Hz 80 kama deki inaruhusu. Chaneli ya sabufa ikisikika chini mno, tafuta kwenye amplifaya mpangilio wa kuiongezea dB 10.

Kisha chukua kamba. Ifunge kwenye kiti chako, uivute hadi spika ya mbele, uweke fundo, na spika zote tano zikae kwenye fundo hilo. Tofauti ya mita moja huchelewesha sauti kwa karibu milisekunde 3, na taswira yote huvutwa upande wa spika iliyo karibu. Spika za mbele zikae kwenye pembe ya nyuzi 30 kila upande kutoka katikati. Za nyuma kwenye pembe ya nyuzi 110, yaani ubavuni na nyuma kidogo ya masikio.

Kwenye Apple Music, nichague Atmos (mfumo wa Dolby wa sauti ya kumzunguka msikilizaji) au stereo ya 24/192 (biti 24, kHz 192)?

Kama unatumia bando, tazama ukubwa kwanza. Atmos ya mtandaoni huja kwa takriban kilobiti 768 kwa sekunde, hivyo wimbo wa dakika 4 ni kama MB 23. Stereo ya 24/192 kabla ya kubanwa ni kama MB 276; ikibanwa hupungua, lakini bado ni nzito mara kadhaa. Tena iPhone ikitumia Bluetooth hutuma AAC, kwa hiyo biti hizo hazifiki masikioni. Unahitaji waya na DAC ya nje, yaani kifaa kinachogeuza sauti ya kidijitali kuwa ya analogi. Kwa spika mbili au headphone, chukua stereo ya kiwango cha CD. Atmos ichague ukiwa na spika za kuitosha, na baada ya kulinganisha wimbo mmoja kwa sauti iliyo sawa, maana michanganyo mingine ya Atmos imefanywa vibaya na hakuna spika itakayoiokoa.