Kugusa VFS: kiraka kikubwa cha msimbo cha mara moja hakitapita

Ndugu, umeuliza kama uongeze kigezo kwenye fanksheni ya VFS, yaani tabaka la kerneli ya Linux ambalo mifumo yote ya faili hupitia, kwa sababu mfumo wako wa faili unakihitaji. Utaulizwa kwanza: nani mwingine anakihitaji? Kama ni wewe tu, limalize jambo hilo ndani ya msimbo wako. VFS ni ya wote. Ukibadilisha fanksheni moja, mifumo ya faili kama ext4, XFS, Btrfs na wenzao wote utawarekebisha wewe, hata mifumo ya kale ambayo hujawahi kumwona mtu akiitumia.

Tazama iterate_shared, fanksheni ya kusoma saraka (folda). Iliingia kwenye toleo la 4.7 la Linux, mwaka 2016, ili michakato kadhaa iweze kusoma saraka moja kwa pamoja. Ile iterate ya zamani haikufutwa siku hiyo. Ziliishi pamoja hadi toleo la 6.6, mwaka 2023. Ndiyo, miaka saba! Nawe fanya hivyo: weka njia mpya kando ya ya zamani, hamisha mfumo mmoja mmoja, kila mmoja na kiraka chake, halafu ndipo ufute.

Kabla ya kutuma, endesha xfstests, mkusanyiko wa majaribio ya mifumo ya faili, na badiliko lenyewe liandike kwenye porting.rst, faili la nyaraka za kerneli linaloeleza mabadiliko ya VFS. Faili hilo wengi hulisahau.