Maswali na majibu: gesi ya kina kirefu

Maswali ya safari hii yametoka pwani nzima, Lamu mpaka Mtwara. Naanza na lenye hasira.

Tunaambiwa tuna gesi futi za ujazo trilioni 57. Mbona mtungi hapa Mbagala haushuki bei? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kwa sababu hiyo si gesi ya mtungi wako. Ya mtungi ni propani na butani, nayo huletwa kwa meli kutoka nje. Ya baharini karibu yote ni methani. Methani huwezi kuigandamiza kwenye mtungi wa jikoni ikawa kimiminika. Ama ipite kwenye bomba, ama ipozwe hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, ndipo ujazo wake unapopungua mara 600 hivi na meli ikaweza kuibeba.

Na ile trilioni 57.54 ni makadirio ya gesi iliyomo miambani, wala si yote itakayotoka. Trilioni 47 na kitu zipo kina kirefu, ambako hakuna hata futi moja iliyokwisha kufikishwa nchi kavu. Inayofua umeme Ubungo na Kinyerezi inatoka Songo Songo, iliyogunduliwa 1974, na Mnazi Bay, 1982, kote jirani na pwani. Kitalu namba 2 (kitalu ni eneo la bahari lililotengwa kwa utafutaji wa gesi) kiko kama kilomita 100 baharini, na maji yake hufika mita 2,500. Mzamiaji hafiki huko: vifaa hupachikwa kwa msaada wa roboti, na bomba lazima lipande mteremko mkali hadi Likong'o, Lindi, mahali palipotengwa kwa mtambo wa kuipoza gesi. Msumbiji waliweka mtambo unaoelea, Coral Sul, na shehena ya kwanza iliondoka Novemba 2022. Mwanasiasa akitaja trilioni, muulize ni za miambani au za bombani.

Hiyo gesi imekaa kama ziwa chini ya bahari? (Mwanafunzi, Tanga)

Hapana. Jaza ndoo mchanga wa ufukweni, halafu mwagia maji: yataingia mengi kabla hayajafurika. Yamekaa kati ya chembe na chembe, na gesi hukaa vivyo hivyo ndani ya mwamba wa mchanga. Mchanga wenyewe ulishushwa na mito, mababu wa Rufiji na Ruvuma, mamilioni ya miaka iliyopita. Ulirundikana ukingoni mwa bara, kisha ukaporomoka pamoja na tope hadi sakafu ya bahari na kutandazwa kwa mapana. Juu yake likatulia tope laini lililogeuka kuwa mwamba usiopitisha gesi. Funiko hilo likiwa na ufa, gesi ilishaondoka zamani, hata mchanga uwe mzuri namna gani.

Kwa nini gesi tu, mafuta hatuyaoni? (Msomaji, Lindi)

Ni suala la joto. Mabaki ya viumbe yaliyozikwa kwenye tope huanza kutoa mafuta yanapofikia nyuzi 60 hivi. Yakivuka 150, kinachotoka ni gesi zaidi. Chini ya ardhi joto hupanda kwa takriban nyuzi 25 hadi 30 kila kilomita. Wajiolojia wengi wanaamini miamba iliyozaa gesi yetu ni ya zama za Jurasiki, wakati Madagaska ilipokuwa ikibanduka kutoka Afrika, na imezikwa chini sana kiasi cha kupitiliza joto la mafuta. Lakini nisingefunga mlango: mwaka 2014 kisima cha Sunbird, upande wa Kenya, kilikuta mafuta pamoja na gesi, ila si ya kiwango cha biashara.

Na Kenya je, tunachimba tu bila kupata? (Msomaji, Mombasa)

Kisima cha Pomboo, nje ya Lamu, kilikuwa kikavu mwaka 2007. Mbawa, 2012, kilikuta gesi isiyolipa. Sunbird nimeshakitaja. Kile cha Mlima, kilichoanza mwishoni mwa 2021, nacho kikatoka kikavu. Ila kisima kikavu kwa kawaida hujaa maji ya chumvi, maana yake mchanga upo na gesi ndiyo haikufika au haikubaki. Taarifa hiyo ina thamani kwa atakayechora ramani ya kisima kinachofuata.

Nani aliyatoa majina ya visima vya Tanzania? (Msomaji, Zanzibar)

Sijui ni nani, ila mpangilio ni huu: kitalu namba 2 ni viungo (Zafarani, Lavani, Tangawizi, Mdalasini), namba 1, 3 na 4 ni viumbe wa baharini (Pweza, Chewa, Jodari, Papa).

Meli za utafiti wa mitetemo zinafukuza samaki? (Mvuvi, Mafia)

Zinaweza. Meli hupiga mlipuko wa hewa kila baada ya sekunde chache, huku ikivuta nyaya ndefu za kunasa mwangwi kutoka chini ya sakafu. Utafiti wa Bahari ya Barents, Norway, miaka ya 1990, ulionyesha uvuaji ukishuka wakati wa zoezi na siku kadhaa baada yake. Vitalu vya kina kirefu viko mbali na miamba mnayovua ninyi, kwa hiyo wasiwasi wangu mkubwa ni jodari, na nyangumi wanaopita kati ya Julai na Oktoba. Hata hivyo, kabla meli haijaingia, BMU yenu (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe) idai ramani ya njia zake na tarehe, kwa maandishi.