Sajenti aliyewataka askari wake waoshe miguu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Babu yangu alipigana Burma katika Vita Kuu ya Pili, akiwa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza huku Afrika Mashariki, akaacha medali tunayoifunga kwenye kitambaa. Kijana wangu amesikia kwamba Marekani kulikuwa na watu weusi, wapanda farasi, waliopata medali ya juu kabisa. Ni kweli? Na hii yetu, tuisugue kwa majivu ing'ae?
Msomaji, Ujiji

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ni kweli. Mwaka 1866, utumwa ukiwa ndio kwanza umefutwa, serikali yao iliunda vikosi viwili vya wapanda farasi weusi, cha 9 na cha 10. Hapa Tabora farasi hatumjui sana, mbung'o wa porini hawamwachi. Lakini ninayetaka umsimulie kijana alisifika siku ambayo kazi ilifanywa na miguu.

George Jordan alizaliwa mtumwa Tennessee. Kusoma na kuandika alijifunzia jeshini. Mei 1880, huko New Mexico, akiwa sajenti wa askari 25, alikuwa akisindikiza magari ya chakula. Jioni ikaja habari kwamba Victorio, kiongozi wa Waapache, wenyeji wa asili wa huko, anakaribia makazi ya Tularosa. Vijana wamechoka, nyayo zinawauma. Jordan akawauliza, wakasema tutakwenda mpaka tutakapoishia. Akataka kila mmoja aoshe miguu kwanza, ndipo wakaanza safari ya usiku kucha. Wakawahi, wakajenga boma, na tarehe 14 wakawarudisha nyuma watu zaidi ya 100. Mimi kwenye yale maji ya miguu ndipo ninapomwona kiongozi.

Usimfiche kijana upande wa pili: Waapache walikuwa wakipigania ardhi yao. Aliyetoka utumwani ndiye aliyetumwa kuwazuia. Linaniuma kila nikilifikiria.

Medali alipewa 1890, akastaafu 1897, akahamia Crawford, Nebraska, jirani na ngome ya Fort Robinson. Alipougua 1904, hospitali ya ngome ilimwambia hakuna nafasi. Akafa mwaka huohuo.

Marehemu baba yangu, naye KAR, alipougua alibandika medali yake kifuani kwenda hospitali, akiamini itamtangulia. Tulikaa kwenye benchi mpaka saa tisa alasiri, naye akiishika kila muuguzi alipopita.

Yenu msiisugue kwa majivu, yanakwangua. Ifuteni kwa kitambaa laini kikavu. Nyingi za vita ile hazikuchongwa jina, kwa hiyo andikeni jina la babu na kikosi chake kwenye karatasi, mfunge pamoja, wakati bado yupo anayekumbuka.