Holo au redi doti? Najibu maswali yenu ya vioo vya kulengea

Toka niseme kwamba bunduki yangu ya mashindano nimeivua redi doti nikaifunga holo, meseji zimemiminika. Wengi mko huku huku Marekani mnapiga shabaha wikendi au mnawinda, wachache mko nyumbani. Nimechagua yale yanayojirudia, mengine nimeyaunganisha.

Kaka, tofauti yake ni nini hasa? Dukani nimechungulia zote mbili nikaona kidoti chekundu tu, moja dola 150 nyingine 700, muuzaji anasema tu hii kali zaidi.

Kwa kuchungulia dukani lazima zifanane, maana zote hazikuzi kitu, zote unalenga macho mawili wazi, na kichwa kikikaa vibaya kidogo bado kidoti kilipo ndo risasi inapoenda. Tofauti iko ndani. Redi doti ina taa ndogo ya LED kwa nyuma, inamulika kioo cha mbele ambacho kimepinda kiasi na kimepakwa utando wa kurudisha ile rangi nyekundu, mwanga mwingine unapita. Yaani unachokiona ni taa imerudishwa jichoni mwako, kama unavyoona taa za ndani zinajirudia kwenye dirisha la basi usiku. Waswidi wa Aimpoint ndo walitoa ya kwanza ya umeme mwaka 1975.

Holo haina hiyo taa, ina leza. Leza inadunda kwenye vioo vya ndani halafu inamulika utando uliobanwa katikati ya vioo viwili, na kwenye huo utando picha ya duara na kidoti ilisharekodiwa kiwandani kwa hologrami. Leza ikiupiga, picha inafufuka na jicho linaiona iko kule mbele kwenye shabaha. Elimu yenyewe ya hologrami ni ya Dennis Gabor, 1948, ikampa Nobel 1971, ila kwenye bunduki imefika 1996 na EOTech ya Michigan. Mpaka leo madukani utakuta zaidi EOTech na Vortex, na hapo ndo unapoelewa bei. Na tafadhali, Holosun si holo! Ni redi doti nzuri tu, jina ndo linawachanganya, nimeona watu watatu mwaka huu wamenunua wakidhani wamepata holo kwa dola 200.

Dada wa Dallas: Kidoti changu hakiko duara, kinaonekana kama nyota, saa nyingine kama koma yenye mkia. Nimesharudisha redi doti mbili dukani. Nina bahati mbaya?

Dada yangu, hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu watu wanapoteza hela nyingi hapa na kioo hakina kosa lolote. Uwezekano mkubwa una astigmatizimu, yaani konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, haijapinda sawasawa, mwanga ukiingia unatawanyika. Wenye nayo ni wengi mno na hawajui, maana mchana kwenye vitu vya kawaida inajificha, inajitokeza ukiangalia nukta kali ya mwanga, mfano taa za magari usiku zinakuwa na miale mirefu.

Fanya hivi kabla hujarudisha cha tatu. Bunduki iwe tupu, umekagua chemba mara mbili. Weka simu nyuma ya kioo, piga picha ya kidoti. Kama kwenye picha ni duara safi, kioo kizima, ni jicho. Halafu kifungue kioo ukizungushe mkononi huku unaangalia: mkia ukizunguka pamoja na kioo basi kioo ndo kibovu, mkia ukibaki palepale ni wako. Na cha tatu, shusha mwanga. Watu wengi wanapandisha mwanga mpaka juu kama wanamulika nyoka, kidoti kinavimba, ukikishusha mpaka kinaonekana tu kwa shida kidogo utashangaa kinavyojikusanya.

Ikibaki vilevile nenda kapime macho, miwani iliyopimwa kwa ajili ya astigmatizimu inawasaidia wengi. Holo nayo inawafaa baadhi, mimi mwenyewe ndo sababu niliyohamia huko, redi doti kwangu ilikuwa kama kichala cha zabibu na holo naiona duara na kidoti, japo kidoti kina chengachenga. Ila si kila mtu, nina rafiki ambaye zote mbili zinamsumbua, yeye katumia kioo cha prizimu ambacho alama imechongwa kwenye kioo chenyewe na kina gurudumu la kurekebisha kulingana na jicho, ametulia kabisa. Kwa hiyo usinunue kwa mtandao, nenda kaweke jicho lako.

Betri je?

Hapa redi doti inashinda bila ubishi. Aimpoint Micro T-2 inatangazwa saa 50,000 kwa betri moja ndogo ya CR2032, hiyo ni zaidi ya miaka 5 imewaka mfululizo. Holo ya EOTech ya CR123 ni kama saa 1,000, siku 40 hivi, na zile za betri mbili za AA saa 2,500 kwa betri za lithiamu. Leza inakula. Ndo maana EOTech inajizima yenyewe, ukiwasha kwa kitufe cha juu inazima baada ya saa 8, cha chini saa 4. Kama ni bunduki unayoifungia kwenye sefu miezi na unataka siku ukiitoa iwe imewaka, chukua redi doti.

Shikamoo mzee. Niko Minnesota, baridi huku inafika chini ya sifuri vibaya. Nimesikia holo zinahama ziro kwenye baridi, yaani kidoti hakikai tena pale risasi inapopiga, ni kweli au maneno ya watu?

Marahaba mwanangu. Si maneno tu. Novemba 2015 kampuni ya L-3, iliyokuwa inaimiliki EOTech wakati huo, ilikubali kuilipa serikali ya Marekani dola milioni 25.6 kwa kesi iliyodai vioo vile vilikuwa vinahama kwenye joto na baridi kali na kampuni ilijua ikanyamaza. Mimi jambo hilo liliniuma, maana wanaotegemea vile vioo ni askari. Zinazotoka sasa si zile za wakati ule, lakini wewe wa Minnesota ukiona kioo cha mtumba cha bei ya kutupa, uliza kilitengenezwa lini, cha kabla ya kesi kiache. Na vyovyote utakavyonunua, hata redi doti, msimu wa baridi ukianza nenda renji kaiziro upya, tumia betri za lithiamu kwa sababu za alkalini zinalala kwenye baridi, na usikitoe nje kwenye baridi ukakiingiza moja kwa moja sebuleni kwenye joto halafu ukashangaa kioo kina ukungu.

Nataka kuongeza kikuzaji cha mara 3 nyuma ya kioo cha kulengea, kipi kinaendana, holo au redi doti?

Holo. Kidoti cha redi doti cha kawaida ni MOA 2 (MOA ni kipimo kidogo cha pembe), na MOA 1 kwa mita 100 ni kama sentimita 2.9, kwa hiyo kidoti kinafunika karibu sentimita 6 za shabaha, ukikikuza na chenyewe kinakua, kinaendelea kufunika zilezile 6. Cha holo ni MOA 1 na kinabaki chembamba. Ila vyote viwili pamoja vinakuwa vizito na bei inakaribia kioo kizuri cha kukuza mara 1 mpaka 6. Ukiwa unapiga zaidi ya mita 200 mara nyingi, nenda huko.

Mita 50 napiga katikati, mita 6 risasi zinaenda chini. Kioo kimelegea?

Hakijalegea. Kioo kiko juu ya mtutu kama sentimita 6 na nusu, kwa hiyo karibu sana risasi haijapanda bado, inapiga chini sentimita 5 au 6. Lenga juu kidogo. Mwenye holo ya duara la MOA 68 ana raha hapa, pale mita 6 na kitu anaweka chini ya duara kwenye shabaha, risasi inaingia hapohapo. Kwenye mashindano kitu hicho kimeniokolea pointi nyingi.

Mjomba wangu Arusha ana kibali cha bunduki ya uwindaji, nikija likizo nimbebee moja kwenye begi?

Usibebe hivyo, kaka. Vioo vya kulengea vya bunduki viko kwenye orodha ya vitu vinavyodhibitiwa kutoka Marekani, unaweza kuhitaji leseni ya kutoa nje hata kama ni kimoja na ni zawadi, na kutojua hakutakusaidia ukikamatwa uwanja wa ndege. Huko Tanzania nako silaha ziko chini ya sheria ya mwaka 2015, mjomba aanze kwa kuuliza polisi walikompa kibali. Njia rahisi ni anunue kwa muuzaji mwenye leseni huko huko, wewe mtumie hela. Na kama bunduki yake ni ya nyati, tuseme ya risasi za .375, mwambie achukue redi doti iliyofungwa pande zote, ile ambayo taa yake haiko wazi, tope na mvua zisiifunike, na muuzaji athibitishe inahimili mtikisiko wa risasi za ukubwa huo. Skrubu zikazwe na gundi ya skrubu, halafu apige mstari wa rangi juu ya kila skrubu na besi yake, mstari ukiachana anajua imelegea kabla hajaingia porini.