Wanafunzi wangu wanasuka kinyume, tatizo ni video?

Swali: Mimi ni mkufunzi wa kazi za mikono katika chuo kimoja wilayani Kasulu, Kigoma. Nimejirekodi kwa simu nikisuka kikapu cha ukindu. Simu niliiegemeza kwenye vitabu ng'ambo ya meza. Nina wanafunzi zaidi ya 50 na projekta moja. Wakiangalia video, wengi wanasuka kinyume na ninavyosuka mimi. Tena ni ya dakika 20, haitumiki WhatsApp. Nirekodi upya au ninunue simu nyingine?

Jibu: Simu iache, Mwalimu. Hamisha tu mahali ulipoiweka.

Ukirekodiwa kutoka mbele, mkono wako wa kulia unaonekana kushoto kwa anayetazama. Naye anakuiga kama anayejitazama kwenye kioo: wewe unavuta kwa kulia, yeye anavuta kwa kushoto. Nilifanya kosa hilohilo hapa Tabora nilipomrekodi mama mmoja anayesuka vikapu. Niliona nimepata picha safi mpaka siku ya darasa, vitako (sehemu za chini za vikapu) karibu vyote vikazunguka upande mwingine.

Weka simu juu ya bega lako, iangalie chini kwenye mikono, kama jicho la mwanafunzi aliyesimama nyuma yako. Stendi si lazima ununue. Laza ubao juu ya migongo ya viti viwili, acha ncha yake itokeze mbele, funga simu kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kabla ya kuanza, inama kama unavyoinama ukisuka, maana kichwa huwa kinaziba picha yote na mtu hajijui. Chini tandika kitambaa cheusi kisicho na maua. Ukindu mweupe juu ya kitenge haufuatiliki. Rekodi mchana karibu na dirisha. Ukilazimika kutumia taa za tyubu na ukaona mistari inapita kwenye picha, kwenye mipangilio ya kamera chagua fremu (picha) 25 kwa sekunde badala ya 30, kama simu yako inaruhusu. Umeme wetu ni wa hezi 50, na fremu 25 zinaendana nao.

Zile video za zamani usizifute. Wape wanafunzi wanaotumia mkono wa kushoto, kwao zimekaa sawasawa! Nakala nyingine igeuze kushoto-kulia kwa programu ya kuhariri, wa mkono wa kulia wataiiga vizuri, ingawa maandishi yoyote yatasomeka kinyumenyume.

Kuhusu uzito: video ya pikseli 1080 inaweza kufika MB 100 na zaidi kwa dakika moja, kutegemea simu. Shusha hadi 720, mkono utaonekana vizuri tu. Halafu ikate. Kuanza kitako ni video moja, kuunga ukindu mpya ni nyingine, kupandisha ubavu nyingine, kila moja dakika mbili au pungufu. Bando usilimalize; weka kwenye memori kadi au rusheni simu kwa simu kwa Bluetooth. Darasani tumia VLC, ni ya bure, inapunguza kasi mpaka nusu na haihitaji intaneti.

Kuna jambo ambalo kamera hailifikishi, nalo ni unyevu wa ukindu na nguvu ya kukaza. Hapo pitisha ukindu uliolowekwa, kila mmoja aukunje kwa vidole, kisha aukunje mkavu ausikie unavyovunjika. Baadaye waambie wajirekodi wenyewe sekunde 30, mikono tu. Wakikuletea, tazama kidole gumba cha mkono unaoshika. Kikiachia kila anapochukua ukindu mpya, msimamishe hapohapo, afumue mzunguko huo mmoja. Akiendelea hadi ubavuni, atalazimika kufumua kikapu kizima.